Timu Yako Imechukua Mlinzi wa Mstari wa Mbele Kwenye Drafti: Namna ya Kumpima

Usiku wa drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ambapo timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, jina likishatajwa, kijana wa kilo 140 anasimama, anamkumbatia mama yake na kuvaa kofia ya timu. Kabla hajafika jukwaani mashabiki wameshagawanyika. Hawa wanasema tumepata chuma, wale wanasema tumepigwa. Kwa ndugu zetu wanaofuatilia kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, raundi ya kwanza huanza saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa, na kufikia alfajiri hukumu imeshatolewa.

Mlinzi wa mstari wa mbele, yule wa timu inayolinda anayepambana ana kwa ana na safu ya wapinzani, ndiye mchezaji mgumu kuliko wote kumpima kwa macho ya kawaida. Mkimbiaji unamwona na mpira wake. Kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi, unamwona akirusha. Huyu kazi yake anaifanya ndani ya rundo la miili, kwa sekunde mbili au tatu, na mara nyingi matunda ya jasho lake huandikwa kwa jina la mwenzake. Nimefuatilia futiboli ya Kimarekani kwa karibu tangu nilipohamia Philadelphia, na kila mwaka timu inapoleta mtu mpya kwenye safu hii, nampitisha kwenye hatua hizi kabla sijasema neno.

Maneno machache nitayatumia mara kwa mara. Mpigo ni kipande kimoja cha mchezo, tangu mpira unapoachiwa mpaka filimbi inapolia. Saki ni pale kwotabeki anapoangushwa akiwa bado na mpira, nyuma ya mstari ulipoanzia mpigo. Wazuiaji ni wale watano wa timu pinzani wanaomkinga kwotabeki wao: senta katikati, gadi mmoja kila upande wake, na mzuiaji wa nje mmoja kila mwisho. Na nunua daftari. La karatasi, la shule, linatosha.

Hatua ya 1: Ujue kwanza kaajiriwa kazi gani

Hakuna shabiki wa Yanga anayemzomea beki wa kati kwa sababu hajafunga mabao kumi. Anajua kazi ya beki. Lakini kwenye safu hii ya mbele watu huwapima wote kwa kipimo kimoja, saki, kana kwamba wote wanafanya kazi moja.

Makocha wana namba za kueleza mlinzi anasimama wapi. Namba 0 ni yule anayekaa uso kwa uso na senta. Namba 1 yuko kwenye bega la senta. Namba 3 yuko kwenye bega la nje la gadi. Namba 5 yuko kwenye bega la nje la mzuiaji wa nje, na 9 yuko mbali kabisa pembeni. Kadiri unavyokwenda nje ndivyo kazi inavyokuwa ya kumwinda kwotabeki; kadiri unavyokaribia senta ndivyo inavyokuwa ya kuziba njia, kula vishindo vya watu wawili kwa pamoja, na kuwaacha wenzako nyuma wakiwa huru kukimbia. Namba 3 yuko katikati ya hayo mawili, na ndiyo maana namba 3 mzuri hulipwa fedha nyingi sana.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, chini ya jina lake, andika mambo mawili: alisimama wapi chuoni, na timu yako inakusudia kumsimamisha wapi. La pili kocha mkuu au meneja huwa analisema kwenye mkutano na waandishi usiku uleule au kesho yake. Sikiliza kitenzi anachotumia. Akisema kijana "atashika" au "atajaza" katikati, usimdai saki kumi. Akisema "atapenya", hapo unaweza kudai.

Nikupe mfano niliouona kwa karibu. Mwaka 2022 Philadelphia Eagles walimchukua Jordan Davis kutoka Chuo Kikuu cha Georgia, mtu wa 13 kwenye drafti. Ni jitu la kimo cha sentimita 198 lililopimwa kilo 155. Msimu wake wa kwanza alimaliza bila saki hata moja, na nilisikia watu wazima wakimwita hasara. Lakini katikati ya msimu huohuo aliumia kifundo cha mguu, na hapo ndipo thamani yake ilipoonekana. Tarehe 14 Novemba Washington walikuja Philadelphia wakaamua kukimbia na mpira tu badala ya kurusha, mara 49, yadi 152, wakaipa Eagles kipigo cha kwanza cha msimu, 32 kwa 21. Wiki ileile uongozi ukawasajili wakongwe wawili, Linval Joseph na Ndamukong Suh, kuziba pengo la katikati. Watu wawili, kwa nafasi ya kijana aliyekuwa na saki sifuri.

Hatua ya 2: Vipimo visome, usiviabudu

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wachezaji wanaotoka vyuoni hukusanywa Indianapolis kupimwa. Wanakimbia yadi 40, karibu mita 37. Wanaruka juu, wanaruka mbele, wananyanyua kilo 102 wakiwa wamelala chali mara nyingi wawezavyo. Namba hizi zote zimo mtandaoni, na ni rahisi mno kuzishabikia.

Mimi huangalia tatu tu. Ya kwanza ni yadi 10 za mwanzo za ule mbio wa yadi 40. Mlinzi wa mbele hana safari ya yadi 40 karibu mechi nzima. Safari zake ni za hatua tatu, nne. Ya pili ni urefu wa mikono. Anayefika kifuani mwa mwenzake kwanza ndiye anayeendesha pambano, na mkono wa sentimita 84 unafika kabla ya mkono wa sentimita 79. Ya tatu ni uzito uliosomwa pamoja na kasi. Davis alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78 akiwa na zile kilo 155. Hiyo si namba ya kupita kimya.

Baada ya hapo funga ukurasa, maana mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka 2008 New York Jets walimchukua Vernon Gholston akiwa wa 6. Alikuwa ametoka kupata saki 14 katika msimu mmoja pale Ohio State, na siku ya vipimo alizinyanyua zile kilo 102 mara 37. Mwili ulikuwa kama wa kuchongwa. Alikaa Jets misimu mitatu bila kupata hata saki moja. Chuoni alikuwa anaanza na mkono chini, anashambulia. Jets wakamsimamisha wima, wakamtaka asome mchezo, mara nyingine arudi nyuma kukaba wapokeaji wa pasi. Rudi kwenye hatua ya 1 utaelewa kwa nini nimeiweka mwanzo.

Upande wa pili yupo Aaron Donald. Mwaka 2014 alipotoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, lawama ilikuwa moja: mfupi. Kama sentimita 185 hivi, kilo 129, kwa mtu wa katikati. Wachezaji 12 wakachaguliwa kabla yake, Rams wakamchukua wa 13. Alipostaafu mwaka 2024 alikuwa ameshatajwa mlinzi bora wa ligi nzima mara tatu, 2017, 2018 na 2020, na ana saki 111. Lakini angalia vizuri: Donald hakuwa muujiza uliojificha. Mwaka wake wa mwisho chuoni alikuwa na saki 11, na yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 4.68. Aliyetazama mechi zake alikuwa anajua. Aliyetazama rula tu ndiye aliyeshangaa.

Hatua ya 3: Tazama mechi nzima, ukiwa umefunika mpira

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na saa mbili tu za kumpima mtu, zimalizie hapa.

Vile vipande vya dakika tano vilivyopambwa na muziki achana navyo. Hata mimi nikikatiwa mipigo yangu kumi bora ya maisha naonekana naweza. Tafuta mechi nzima za chuo chake, nyingi zimo YouTube, uchague tatu: moja dhidi ya timu yenye wazuiaji wakubwa, moja ya kawaida, na moja ya Novemba, msimu unapokuwa umeshawachosha. Usitazame zote mwanzo mpaka mwisho. Chukua robo ya kwanza na robo ya nne ya kila mechi.

Mbinu niliyofundishwa na mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi ghalani, aliyewahi kufundisha safu ya mbele ya shule ya sekondari, ni hii. Alikuwa anaweka kidole gumba kwenye kioo cha simu, juu ya mpira. Anakiacha hapo mpaka mpigo unaisha. "Kijana," aliniambia, "macho yako yanapenda mpira. Yanyime." Ukishaufunika mpira, jicho linakosa pa kwenda linamfuata mtu wako. Kwenye televisheni tumia kipande cha karatasi. Mara ya kwanza utahisi unapoteza mchezo. Mpigo wa kumi utaanza kuona vitu ambavyo hukuwahi kuviona tangu uanze kutazama futiboli.

Hebu tuuchukue mpigo mmoja taratibu. Mlinzi ameinama, vidole vya mkono mmoja vimegusa nyasi. Angalia kucha zake: zikiwa nyeupe kwa kukandamiza, uzito wote uko mbele, anataka kwenda. Macho yake hayako kwa kwotabeki anayepiga kelele, yako kwenye mpira chini ya mkono wa senta. Mpira ukitikisika, mguu wake wa kwanza unapaswa kuwa umeshatua kabla gadi hajanyanyuka sawasawa. Simamisha video hapo. Kama safu nzima ya walinzi imesimamishwa kwenye picha na yeye ameshatangulia nusu hatua, andika alama. Kama yeye ndiye wa mwisho kuondoka, andika pia.

Endelea mbele kidogo. Sasa ni mikono. Mlinzi mzuri mikono yake inatoka kifuani kama ya bondia, vidole gumba juu, inatua ndani ya kifua cha gadi. Asiyejua huibana mikono yake, anakwenda kwa mabega, na gadi anamshika kama mtu anayeshika mlango. Baada ya mikono, tazama kimo: nani yuko chini ya mwenzake? Wacheza mieleka watanielewa. Aliye chini ndiye anayenyanyua. Vijana warefu hupata shida sana hapa. Wakichoka wanasimama wima, na akishasimama wima hata nguvu zikiwa nyingi hazina pa kushika. Ndiyo sababu ya kutazama robo ya nne. Robo ya kwanza kila mtu anainama.

Kisha kiuno na mwisho wa mpigo. Je, anaweza kugeuka bila kupunguza kasi? Mbinu ya kwanza ikizuiwa, ana ya pili? Wengi wanaotoka chuoni wana mbinu moja tu, kwa kawaida ni kumsukuma mtu kwa nguvu kurudi nyuma, maana chuoni walikuwa wakubwa kuliko kila mtu. Kwenye NFL kila mtu ni mkubwa. Ukimwona kijana anaanza kwa kusukuma, gadi anajikaza, naye anaugonga mkono wa gadi pembeni na kupitisha wake juu kama anayeogelea, mpigie mstari. Huyo anafikiri akiwa ndani ya pambano.

Mipigo ambayo anakabiliwa na wazuiaji wawili ihesabie ukurasa wake. Hapo usimtarajie apenye. Tazama kama anasukumwa nyuma. Akibaki palepale alipoanzia, ameshinda, kwa sababu watu wawili wametumika kwa mtu mmoja na mahali fulani mwenzake yuko peke yake. Wengine hujiangusha goti moja makusudi ili rundo lifungie njia. Hilo nalo ni ushindi, ingawa haliandikwi popote.

Kwenye daftari, mipigo 20 kwa kila mechi inatosha, kila mpigo mstari mmoja. Hivi ndivyo mistari yangu inavyokuwa: "Mbio. Wawili juu yake. Kabaki. Mwenzake kakamata." Au: "Pasi. Kachelewa. Mikono nje. Hakuna kitu." Tenganisha mipigo ya mbio na ya pasi kwa rangi mbili za kalamu. Mwishoni utaona mwenyewe rangi ipi imebeba alama.

Hatua ya 4: Waangalie waliomzunguka, na uulize umri

Ulinzi wa Georgia wa mwaka 2021 ulitoa wachezaji watano kwenye raundi ya kwanza ya drafti moja. Ukimtazama mmoja wao lazima ujiulize: huyu anapenya kwa uwezo wake, au kwa sababu wapinzani wana hofu na wengine wanne? Na swali linakwenda pande zote mbili. Travon Walker alikuwa na saki 6 tu katika msimu ule, kwa sababu kwenye mfumo ule kazi zilikuwa zinagawanywa. Jacksonville walimchukua wa kwanza kabisa, mbele ya Aidan Hutchinson wa Michigan aliyekuwa na saki 14, na kelele zikawa kubwa. Mwaka wa kwanza kelele zilionekana kuwa na haki: Hutchinson 9.5 kule Detroit, Walker 3.5 (nusu ni saki waliyogawana wawili). Miaka miwili iliyofuata Walker akapata 10, kisha 10.5. Mimi bado ningemchukua Hutchinson, lakini aliyesema Walker hana kitu alikuwa anasoma hesabu bila kumtazama mtu.

Umri nao una maana yake. Kijana wa miaka 24 anayewasukuma watoto wa miaka 19 si sawa na wa miaka 21 anayefanya hivyohivyo. Angalia pia ameucheza mchezo kwa muda gani. Ziggy Ansah alitoka Ghana akaenda Chuo Kikuu cha Brigham Young, akajaribu mpira wa kikapu na riadha, na futiboli akaianza mwaka 2010. Mwaka 2013 Detroit walimchukua wa 5. Chuoni, msimu wake wa mwisho, alikuwa na saki 4.5 tu. Msimu wake wa kwanza wa NFL alipata 8, na mwaka 2015 akapata 14.5. Kwa mtu kama huyo daftari lako lipime mwendo wa kupanda: mechi ya Septemba na mechi ya Novemba ziweke sambamba. Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja, maana ligi sasa inafanya kambi zake za kusaka vipaji barani Afrika, na ilishafika Nairobi; na Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013. Watakaofuata watakuja wakiwa na miaka michache tu ya mchezo huu, na tutahitaji kujua namna ya kuwatazama.

Kuhusu majeraha sina mengi. Goti na mgongo vina uzito kwa mtu wa kilo 140. Kidole na bega dogo havina. Na kuhusu tabia, soma yaliyo kwenye rekodi za wazi, acha uvumi.

Hatua ya 5: Mpime kwa bei aliyonunuliwa

Drafti ina raundi 7 na timu ni 32. Wa raundi ya kwanza anatakiwa kuingia kwenye mzunguko wa wachezaji mapema na ndani ya miaka miwili awe nguzo. Wa raundi ya tatu mpe nafasi ya kuwa mtu wa zamu, anayeingia mipigo 20 kwa mechi. Wa raundi ya sita akipata jezi siku ya mechi, timu imeshapata faida.

Na usidhani walio ndani wanakubaliana. Mwaka 2021 Eagles walipomchukua Milton Williams wa Louisiana Tech raundi ya tatu, wa 73, kamera ya chumbani kwao ilionyesha mmoja wa wakubwa wa wasaka vipaji akipewa ngumi ya pongezi huku uso umemkunjamana. Tuliicheza video hiyo wiki nzima, kila mtu na maelezo yake. Tarehe 9 Februari 2025, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, dhidi ya Kansas City, Williams alipata saki mbili, moja akaupokonya mpira na kuudaka mwenyewe. Mwezi uliofuata New England wakamsajili kwa mkataba wa miaka minne. Kuna na waliokosa hata raundi: John Randle hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1990, akaondoka kwenye mchezo na saki 137.5 na nafasi kwenye Ukumbi wa Heshima.

Hatua ya 6: Kambi na mechi za majaribio

Julai na Agosti zitakuja video za mazoezi ya mmoja kwa mmoja, mlinzi dhidi ya mzuiaji, na kijana wako atakuwa anawapita watu kama upepo. Tulia. Zoezi hilo limeumbwa limpendelee mlinzi: hana haja ya kuogopa mbio, eneo ni pana, na mzuiaji hana jirani wa kumsaidia. Kinachonivutia kambini ni kimoja: anapangwa na kundi gani. Kijana aliyeanza na kundi la tatu wiki ya kwanza na wiki ya tatu yuko na la kwanza, makocha wamesema kila kitu. Kwenye mechi za majaribio andika robo na mpinzani. Saki ya robo ya nne dhidi ya mtu atakayeachwa Jumanne inayofuata ni habari njema kwa familia yake. Kwako wewe ni mstari mmoja kwenye daftari.

Hatua ya 7: Msimu wa kwanza, tafuta kisichoandikwa

Mechi za mapema za Jumapili huanza saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na kuanzia Novemba, Wamarekani wakishabadili saa, ni saa 3. Mwaka wa kwanza angalia vitu viwili kila wiki. Kwanza, asilimia ya mipigo aliyocheza. Ligi huitoa hadharani. Walinzi wa katikati hupumzishwa kwa zamu, kwa hiyo asilimia 50 kwa mgeni si dharau hata kidogo, ni imani. Pili, mara ngapi amembughudhi kwotabeki, hata kama hakumwangusha.

Hapa naomba turudi kwa Donald, kwenye Super Bowl ya tarehe 13 Februari 2022, Rams na Bengals, kule Inglewood. Rams wanaongoza 23 kwa 20, imebaki chini ya dakika moja, Bengals wanahitaji yadi moja tu kuendelea. Mpigo wa tatu kati ya minne waliyonayo, Bengals wanakimbia. Donald anamshika mkimbiaji na kumvuta, hakuna hata sentimita. Mpigo wa nne, Joe Burrow anarudi nyuma kurusha. Donald anampita gadi kabla Burrow hajatulia, anamkamata kiunoni, anamzungusha. Burrow akiwa anaanguka anautupa mpira, unadondoka chini. Mchezo umekwisha, na Donald anaonyesha kidole chake cha pete, pete ya ubingwa.

Tafuta mpigo ule wa nne kwenye takwimu za saki. Haumo, kwa sababu mpira ulikuwa umeshatoka mkononi. Ulioipa Rams ubingwa ni pasi iliyokosa mtu, basi. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka safu ya tatu pembeni ya saki, iandike "kabughudhi", na uijaze kwa macho yako mwenyewe kila Jumapili. Mgeni mwenye saki 3 na bughudha 40 anakuja. Mwenye saki 6 ambazo nne alizipata kwotabeki akimkimbia mtu mwingine, subiri kwanza.

Hatua ya 8: Hukumu itoe mwaka wa tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye safu hii siku ni miaka. Chris Jones alichukuliwa na Kansas City mwaka 2016 raundi ya pili, wa 37. Mwaka wa kwanza saki 2. Wa pili 6.5. Wa tatu 15.5. Mikono hujifunzwa, na haijifunzwi haraka; kijana aliyeishi kwa nguvu za mwili chuoni anahitaji misimu miwili ya kupigwa na watu wazima kabla hajapata mbinu ya pili na ya tatu. Hata timu zenyewe kalenda yao iko hivyo: kwa mchezaji wa raundi ya kwanza, uamuzi wa kumwongezea mwaka wa tano hufanywa baada ya msimu wa tatu.

Na kwa miaka hiyo yote, tafadhali, usimzomee. Houston mwaka 2006 walimchukua Mario Williams wa kwanza kabisa, mashabiki wakitaka Reggie Bush au Vince Young, na alizomewa. Msimu wa kwanza saki 4.5, kelele zikazidi. Wa pili 14. Mwaka 2011 mashabiki wa timu ileile wakamzomea J.J. Watt, kijana aliyewahi kucheza nafasi ya kushambulia Central Michigan kabla ya kuhamia Wisconsin. Januari iliyofuata, kwenye mechi ya kwanza ya mtoano katika historia ya Texans, Watt aliidaka pasi ya Bengals akiwa mbele ya uso wa kwotabeki na kukimbia nayo yadi 29 mpaka mwisho. Akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mara tatu. Hawa ni vijana wa miaka 21, 22, wanaosoma wanachoandikiwa kwenye simu zao usiku kama sisi sote. Kama unaona timu imekosea, mlaumu meneja, yeye ndiye aliyeshika kadi.

Ukifika Mei ya mwaka wa tatu, fungua ukurasa wake wa kwanza. Soma ulichoandika kuhusu kazi aliyoajiriwa, hatua ya kwanza, mikono, robo ya nne. Weka alama pale ulipopatia, na pale ulipokosea andika kwa rangi nyingine ni kitu gani hukukiona. Mimi kwa Jordan Davis niliandika "hachoki" usiku ule wa 2022. Nilikuwa nimetazama robo za kwanza tu. Tangu hapo sianzi na robo ya kwanza. Naanza na ya nne, narudi nyuma.